Mama mkwe kanikuta nimekaa gizani, macho nimefumba

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kigamboni na nafanya kazi Kariakoo kwenye duka la vipuri vya magari. Mimi ndiye keshia, mimi ndiye wa stoo, na mzigo ukishuka mimi ndiye wa kuhesabu.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa 10 na nusu alfajiri. Nachemsha chai, naswali, naandaa watoto, na saa 12 kasoro niko barabarani kuwahi pantoni. Nikivuka napanda daladala pale Feri mpaka Kariakoo. Jioni natoka saa 11 kama hesabu zimekubali, zikikataa natoka saa 12 au zaidi. Narudi na foleni ile ile ya pantoni, nafika nyumbani giza limeshaingia, na hapo inaanza zamu ya pili: chakula, madaftari ya watoto, dawa za mama mkwe (tunaishi naye, ana kisukari). Wakilala nakaa na simu najibu wateja, maana nauza vitenge mtandaoni. Nalala saa 6 usiku. Jumamosi niko kazini mpaka mchana, jioni kikoba. Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia na Kongo, akiondoka ni mwezi, na siku hizi hata simu zake zimekuwa za kuhesabu.

Mwezi uliopita nilishikwa na kizunguzungu dukani. Nikakimbilia zahanati, nesi akanipima presha akakuta 144/92. Akasema, "Dada, punguza mawazo." Nikamuuliza yanapunguzwaje, akaniambia nijaribu meditesheni, yaani kukaa kimya ukituliza akili, zimejaa kwenye simu.

Anti, nimeshindwa. Nilipakua programu moja ya dakika 20, mzungu anaongea taratibu, nyuma yake maji yanatiririka. Sijui kama alifika mwisho, mimi nilishtuka usiku wa manane shingo imekakamaa na simu imezima. Nikaona basi, nitaamka saa 10 kamili kabla ya watu wote. Siku ya pili tu mama mkwe katoka kwenda chooni, kanikuta sebuleni nimekaa chini, taa nimezima, macho nimefumba, viganja juu ya magoti. Alipiga "Astaghfirullah!" ya kuamsha nyumba nzima. Mpaka leo ananitazama kwa jicho la pembeni, na mawifi wameshapigiwa simu kwamba nimeingia dini ya Kihindi, au kuna kitu kimenipanda.

Na kibaya zaidi, hata nikipata ukimya akili haitulii. Nikifumba macho naona risiti, naona rejesho la kikoba, naona sare ya shule ya mdogo imechanika. Nikifumbua, nimechoka kuliko nilivyokaa.

Hivi mtu kama mimi anaweza hayo mambo? Na yanafaa kwa Muislamu? Au nimeze vidonge tu nisisumbue watu?

Mama Wawili, Kigamboni

JIBU

Marahaba mwanangu. Hapo kwa mama mkwe nimecheka peke yangu, unisamehe. Lakini ningekuwa ni mimi, saa 10 za usiku, nimetoka zangu kwenda msalani nikamkuta mkamwana wangu kakaa gizani kama kinyago, nisingeishia kwenye astaghfirullah. Ningeita majirani.

Nianze na presha, maana huko ndiko nilikotoka. Kabla ya kusoma barua zenu nilikuwa nesi miaka 29, mingi kati ya hiyo kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje. Mashine ya presha ina masharti yake ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kabla hujapimwa unatakiwa ukae kama dakika 5 bila kuongea. Mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, miguu haijapishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na kibofu hakijajaa. Wewe ulitoka dukani na kizunguzungu chako, ukapigwa na jua la Kariakoo, ukakaa kwenye stuli, na naweza kuapa ulikuwa bado unasimulia wakati mkono unabanwa. Simlaumu nesi wako. Foleni ikishatoka nje ya mlango, dakika 5 za kila mgonjwa utazitoa wapi? Nami nilizikata mara nyingi.

Ila nilikuwa na kimchezo changu. Nikikuta namba imepanda kidogo na mgonjwa mwenyewe anahema, namwambia: kaa pale kwenye benchi la ukutani, usiongee na mtu, usishike simu, nitakuita. Nahudumia wengine wawili watatu, namrudia. Si wote, lakini wengi namba ya pili ilikuwa chini ya ile ya kwanza. Na sikuwa nimewapa hata panadoli.

Ilinichukua miaka kujiuliza kile nilichokuwa nawaamuru pale benchini ni kitu gani. Mgongo, nyayo, mkono, mdomo kufungwa, dakika 5. Mwanangu, hicho ndicho unachouziwa kwenye simu pamoja na maji yanayotiririka! Nikaanza kujiamuru na mimi, kwenye kiti cha jikoni, birika likiwa motoni. Mwanzo nilijipangia nusu saa, nikaacha siku ya nne. Niliposhuka hadi dakika 5 ndipo nilipodumu.

Kwa hiyo futa kichwani ile picha ya mtu aliyekunja miguu viganja vikitazama juu. Huihitaji. Unahitaji mkao wa kupimwa presha, basi, na hata huo tutaupunguza, kwa sababu mahali nitakapokupeleka hakuna kiti.

Tatizo lako ni kwamba ulikwenda kutafuta muda mpya, na wewe muda mpya huna. Unalala saa 6, unaamka saa 10 na nusu. Hizo ni saa 4 na nusu, na mtu mzima anahitaji 7 na kuendelea. Ukiamka saa 10 kamili ili utulie, unamkopa maskini umlipe maskini mwingine. Yule mzungu wa kwenye simu hakukushinda, ni mwili uliona umekaa, ukadai deni lake pale pale. Usingizi wa kuungaunga miaka nenda miaka rudi nao unapandisha presha, kwa hiyo kabla ya jambo lolote la pumzi, vitenge vifungwe saa 4 usiku. Waandikie wateja kwamba maagizo yanajibiwa mchana, saa ya chakula. Anayetaka kitenge saa 5 na nusu usiku atakitaka na kesho.

Muda mpya huna, lakini una pantoni.

Fikiria. Mara mbili kwa siku kuna watu wanakufungia lango, wanakupandisha chomboni, na kuanzia hapo huna pa kwenda. Daladala unaweza kuhimiza konda, bodaboda unaweza kumwambia akate kona. Pantoni haina haraka ya mtu. Wewe hizo dakika unazitumia kufanya nini? Nakisia: unajibu mtu wa vitenge, au unapiga hesabu ya foleni itakayokukuta ng'ambo.

Kuanzia kesho simu iingie mkobani. Tafuta pa kusimama penye nguzo au ukingo, mkoba kifuani, zipu imefungwa, macho wazi. Narudia, macho wazi, maana wenye vidole vyepesi nao wanavuka kwenda kazini. Chagua kitu kimoja kisicho na maneno ukitazame, kamba au maji. Injini ikibadili mlio chombo kinapong'oka gatini, ndiyo ishara yako ya kuanza. Sikiliza kwanza kwa nyayo. Lile bati la sakafu linatetemeka, na ukitulia utasikia mtetemo unapanda visiginoni. Ukishausikia, njoo kwenye pumzi. Ivute kwa pua bila kuilazimisha, iachie polepole kuliko ulivyoivuta, na inapotoka hesabu kimoyomoyo: moja. Inayofuata, mbili. Ukifika kumi rudi moja. Lango likigusa ng'ambo umemaliza, hata kama uko kwenye sita. Shuka uende zako.

Kuhusu kuachia polepole, usiniamini mimi, jipime. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, vuta pumzi ndefu kisha uiachie taratibu. Kwa watu wengi mapigo yanaharakisha kidogo pumzi ikiingia na yanalegea ikitoka. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, unashuka kutoka chini ya ubongo hadi moyoni na tumboni. Huo ndio breki ya moyo, na hukanyagwa zaidi pumzi inapotoka. Mumeo dereva hilo angelielewa kabla sijamaliza sentensi.

Jumapili huvuki, kwa hiyo tumia wali. Ukishaupalia makaa, kile kipindi ambacho sufuria haitaki kufunuliwa, kaa kwenye kigoda jikoni uhesabu vile vile. Watoto wakikuita, itika. Si ibada hii kwamba ukiikata imebatilika.

Akili kukimbia ndiko kunakowatoa wengi, kwa hiyo hapa nikae kidogo. Umeandika kana kwamba kuona risiti na sare iliyochanika ni ushahidi kuwa huwezi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitoa matokeo ya kazi yao na watu 2,250. Waliwashtukiza kwa simu wakiwa katika shughuli zao: unafanya nini sasa hivi, na je, unawaza hicho unachofanya au kitu kingine? Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, mawazo yalikuwa kwingine. Sidhani wengi wao walikuwa na rejesho la kikoba. Akili ya binadamu hutangatanga, ndiyo kazi yake, na hakuna programu itakayoifunga kamba.

Unachofanyia zoezi ni ile nukta unaposhtuka: he, nimefika kumi na saba, kumbe nilikuwa nawaza sare. Unarudi moja, bila kujitukana. Kurudi huko ndiko kazi yenyewe. Umeshatwanga, unajua mchi haukai kinuni muda wote, lazima upande ndipo ushuke. Ukitangatanga mara 20 kabla ya kufika Feri na ukarudi mara 20, umetwanga mara 20. Siku ambayo utafika kumi mara tano mfululizo bila kupotea, ujue pengine ulikuwa unasinzia wima.

Umeuliza kama yanafaa kwa Muislamu. Mimi si sheikh na fatwa sitoi, ukiwa na dukuduku muulize ustadhi wako. Ninachokijua ni hiki. Mbinu nyingi zinazofundishwa leo chimbuko lake ni Mabudha na Wahindu, kwa hiyo mama mkwe hajaota. Lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa chuo cha tiba cha Massachusetts kule Marekani, alizipeleka hospitalini kwa wagonjwa wa maumivu sugu akiwa amezivua mavazi ya dini, zikabaki pumzi na usikivu. Kozi yake ni ya wiki 8, na mazoezi ya nyumbani yalikuwa kama dakika 45 kila siku. (Dakika 45! Huyo hajawahi kungoja pantoni na mfuko wa dagaa mkononi.) Wapo Wakristo waliofuata njia yao wenyewe: John Main, mmonaki wa Kibenediktini, alianzisha kikundi London mwaka 1975, watu wanakaa kimya wakirudia neno moja tu, Maranatha. Kuhesabu pumzi hakuna unayemwomba wala unayemsujudia. Unahesabu kama unavyohesabu bolti stoo.

Na wewe una hazina ambayo hukuitaja. Baada ya swala unaleta Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 33. Niambie ukweli, kati ya hizo ngapi unazisema ukiwepo? Mimi zangu nilikuwa nazimwaga kama mtu anayepukuchua mahindi, ulimi uko kwenye tasbihi na moyo uko kliniki. Sikwambii ubadilishe ibada yako. Nakwambia tu kwamba hii ya kuhesabu pumzi, baada ya wiki chache, iliponisaidia sana ni hapo kwenye mkeka, na sikuitegemea.

Sasa mama mkwe. Ulikosea kufanya jambo geni gizani ndani ya nyumba ya watu wazima bila kuaga. Usimngoje alisahau, hatalisahau, na mawifi hawatamruhusu. Jioni ukishampa dawa zake, kaa karibu yake, umwambie: "Mama, zahanati wamekuta presha yangu imepanda, wameniambia kila siku nikae nimetulia dakika tano. Siku ile ulinikuta nafanya hiyo, nikaona haya kukueleza. Naomba unisaidie kunikumbusha." Yeye ni mtu wa kisukari, lugha ya kliniki anaijua kuliko wewe. Ninavyowajua kina mama wa umri wangu, ukimpa kazi ya kukumbusha atawapigia mawifi mwenyewe kurekebisha habari, na Jumapili ndiye atakayewafukuza watoto jikoni. Na umuulize yeye presha yake kapima lini, maana kisukari na presha hupenda kutembea pamoja.

Utaruka siku. Mtoto ataumwa, au utasahau tu. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliojipangia jambo dogo moja la kila siku, wakaona lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea. Kuna ambaye lilimchukua 18, na mwingine wakamkadiria 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo achana na habari za siku 21 zinazozunguka kwenye magrupu, na usijiwekee deni. Una kikoba tayari, usifungue kingine na pumzi zako.

Jambo moja nilitamke kinesi. Wako watu ambao wakitulia hawapati utulivu, yanawajia mambo mazito waliyoyapitia, kifua kinabana, mwili unatetemeka. Ikikutokea, acha, zungumza na mtu aliye karibu, na ikijirudia onana na mtaalamu. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda huko si wazimu. Na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, au upande mmoja wa mwili kulegea, hayahesabiwi pumzi. Hayo ni bodaboda, bajaji, chochote, moja kwa moja hospitali. Vidonge navyo usivitukane. Namba moja ya siku ya kizunguzungu haitoshi kusema una presha, wala haitoshi kusema huna. Ikikutwa 140/90 na kuendelea siku tofauti tofauti, ukaandikiwa dawa, utameza na utavuka na pantoni yako vile vile.

Kuna sentensi moja ya barua yako nimeisoma mara tatu. Umeieleza foleni, umemweleza mzungu wa kwenye simu, mpaka shingo iliyokakamaa umeieleza. Ulipofika kwa mumeo ukasema simu zake zimekuwa za kuhesabu, ukapita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Sijui ni mtandao wa njiani, ni mizigo kukwama mpakani Tunduma, au ni jambo jingine, na sitakutilia maneno kichwani. Ila nakuonya mapema: ukianza kusimama pale ukingoni bila simu, risiti na sare zitapungua, halafu litakuja hilo. Likija usidhani zoezi limeharibika. Lipe namba yake, pumua, vuka. Jioni ukiwa nyumbani, mpigie yeye badala ya kungoja apige, na umwambie kwamba ulishikwa na kizunguzungu, kama hujamwambia bado. Nina wasiwasi hujamwambia.

Baada ya wiki 3 rudi zahanati ile ile, asubuhi, usiwe umekunywa chai ya rangi wala kukimbia. Pitia msalani kwanza. Kaa kwenye benchi, mgongo ukutani, nyayo chini, simu mkobani, hesabu mpaka kumi mara kadhaa. Nesi akikuita, usianze kusimulia. Nyoosha mkono, akishamaliza ndipo useme. Kisha niandikie hizo namba mbili, ya juu na ya chini, na uniambie mama mkwe kasema nini.